Kuomba Kazi Kiangazi Bila Kuharibu Viatu

Masika yakishakata na upepo wa ziwa ukaanza kukausha nguo, midomo na ahadi, Musoma hupata wageni wa aina mbili. Wa kwanza ni watalii, ambao hupitiliza kwenda Serengeti bila kushuka hata kununua maji. Wa pili ni wewe. Umeshuka stendi ya Bweri na begi la nguo, godoro la chuoni lililofungwa kamba ya katani, na bahasha ya kaki uliyoikumbatia njia nzima kama mtoto mchanga. Umehitimu. Nyumbani wamekuchinjia kuku. Mle taratibu kuku huyo, maana ndiye mshahara wa kwanza utakaouona mwaka huu.

Mwongozo huu ni wako. Aliyeuandika alipita njia hiyohiyo, akachoka, akakaa chini, na pale alipokaa ndipo riziki ilipomkuta. Ila hayo tutayafikia, usiniharakishe. Mwenye haraka haombi kazi kiangazi.

Anza kwa kujua kwamba kiangazi kina kalenda yake, na kalenda hiyo haijui bei ya unga. Serikali hufunga mwaka wake wa fedha tarehe 30 Juni na kufungua mwingine tarehe 1 Julai. Ukipiga hodi ofisini Juni utaambiwa, “Mdogo wangu, mwaka unaisha, watu wanafunga hesabu, njoo Julai.” Ukienda Julai: “Mwaka ndio kwanza umeanza, fedha hazijashuka.” Agosti, kibali cha ajira kiko Utumishi. Septemba kibali kimeshuka, ila ni cha mwaka wa fedha uliopita na nafasi ni mbili. Katikati ya hapo pana Saba Saba na Nane Nane, ambapo mtu unayemtafuta amekwenda kusimamia banda la maonyesho, na baada ya maonyesho amekwenda semina Morogoro. Lizingatie sana hilo neno kushuka. Fedha hushuka, kibali hushuka, maelekezo hushuka. Kinachopanda ni wewe, kwenye ngazi za ofisi, na nauli.

Sasa mavazi. Mwombaji kazi wa Musoma anajulikana kwa mbali kama askari: shati lililopigwa pasi mpaka likaweza kusimama lenyewe, viatu vyeusi, na ile bahasha. Ukiteremka barabara ya Mukendo saa nne asubuhi na bahasha ya kaki mkononi, huna haja ya kujieleza. Muuza machungwa atakuuliza, “Vipi, wamekujibu?” kabla hujamwamkia. Wajuzi huifungia bahasha ndani ya gazeti. Waliobobea huitumbukiza kwenye mfuko mbadala pamoja na sangara mmoja, ili waonekane wanatoka zao sokoni Mwigobero. Mbinu hiyo nimeiona kwa macho yangu. Nimeiona pia barua ya maombi iliyomfikia mwajiri ikinuka samaki, na mwajiri akaishika kwa ncha za vidole viwili, akauliza kama mwombaji ana uzoefu wa uvuvi.

Kuhusu viatu nina amri moja tu. Usivivae. Vumbi la kiangazi haliheshimu rangi, na kijana wa kung'arisha viatu hawezi kukufuata mpaka getini. Tembea na ndala, viatu viwe kwenye mfuko, ukifika kivulini kwa mlinzi ubadilishe. Mlinzi hatashangaa. Naye aliingia hivyohivyo.

Lakini jua na vumbi ni mambo madogo. Kitakachokutesa kuliko vyote ni jina lako.

Tuseme unaitwa Wambura. Mama alilitaja hivyo zahanati, na nesi, ambaye kwao si huku, akaandika Wambula. Shule ya msingi mwalimu aliliandika sawasawa, ila jina la babu akaliacha kwa sababu mstari uliisha. Cheti cha kidato cha nne kina majina matatu. Cha chuo kina mawili na herufi moja yenye nukta. Siku ya kuandikishwa kitambulisho cha taifa jenereta lilikuwa likinguruma, karani akaandika alichosikia. Dada yako Bhoke hali yake ni mbaya zaidi, kwa sababu ndani ya bahasha moja yuko Bhoke, yuko Boke, yuko Bhoki, na yuko Bokhe ambaye hata ukoo haumfahamu. Kijijini hakuna aliyewahi kupotea kwa sababu ya herufi. Ukisema mtoto wa fulani, wa pale penye mwembe, unafikishwa mlangoni. Mfumo hauujui mwembe.

Matangazo ya usaili yanalisema hilo bila kumung'unya: mwenye majina yanayotofautiana kwenye nyaraka zake aje na hati ya kisheria ya kubadili majina. Ndipo utakapokwenda kwa wakili, ukapanga foleni, ukaapa mbele ya Mungu na mbele ya muhuri kwamba wewe na wewe ni mtu mmoja. Kuwa wewe kunalipiwa. Wakili atakutazama, atatazama vyeti, atakutazama tena, kisha atataja bei, na bei hiyo hupanda kwa kadiri mlivyo wengi ndani yako. Palepale mpe na nakala za vyeti azigonge muhuri, kwa sababu ukizirudia kesho utalipia na salamu. Na usimpelekee karatasi za matokeo ukidhani ni vyeti. Tangazo linakataa karatasi za matokeo za kidato cha nne na cha sita kwa herufi kubwa, herufi zinazoonyesha kwamba aliyeandika amekwisha kuchoka na watu wa namna yetu.

Namba ya NIDA nayo ishike kichwani. Ina tarakimu 20, na kadi yenyewe huenda bado iko njiani. Nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, kuanzia mwaka. Ukikuta si yako, rudi kwa wakili.

Hapo utauliza: vyote hivyo vinakwenda wapi, kama bahasha ni ya kufichwa kwenye samaki? Siku hizi kazi za serikali zinaombwa kwenye Ajira Portal, mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Barua bado unaielekeza kwa Katibu, S.L.P. 2320, Dodoma, ingawa hakuna mfuko wa posta utakaoibeba. Ni adabu tu, kama kubisha hodi kwenye nyumba isiyo na mlango. Bahasha ya kaki imebaki kwa ajili ya wazazi, ambao hawaamini kwamba mtu anaweza kuomba kazi akiwa hajabeba kitu.

Usidhani lakini kwamba utaomba ukiwa umelala kitandani na simu. Bando litaisha ukiwa kwenye jina la shule ya msingi. Utakwenda steshenari kama sisi wote, na utakwenda siku ya mwisho, kama sisi wote. Ingia nami kwenye chumba kimoja pale Nyasho, saa kumi na nusu jioni, tangazo linafungwa usiku wa manane. Chumba kina upana wa mikono miwili iliyonyooshwa. Kompyuta ni mbili: moja inafanya kazi, nyingine imeegemeza feni. Watu tisa kwenye benchi la watu watano, kila mmoja na bahasha magotini. Dada mwenye duka anakula kitumbua kwa mkono wa kushoto, wa kulia unaandika. Anachukua cheti cha kuzaliwa cha mtu wa kwanza, anakilaza kwenye kioo cha skana, anakinyoosha kwa mkono ule wa kitumbua. Doa la mafuta linabaki kwenye kioo, dogo, la mviringo, kama punje ya dengu. Limekaa palepale panapoangukia jina la wilaya. Kila aliyeskaniwa jioni ile alizaliwa wilaya ya doa.

“Dada, kuna doa hapa.”

“Wapi? Hilo ni la cheti chako.”

“Cheti changu hakina doa, dada.”

“Basi sasa kinalo.”

Mfumo ukakataa: faili kubwa mno. Dada akalipunguza. Ukakataa: halisomeki. Akalikuza. Mtu wa pili akagundua kwamba barua yake haina saini, akasaini goti likiwa ndiyo meza, kalamu ikatoboa karatasi. Saa kumi na mbili kasoro umeme ukakatika, benchi zima likaguna kwa pamoja kama waumini waliosikia sadaka ya pili. Hakuna aliyeondoka. Tukakaa gizani tukisimuliana nafasi tulizokosa, kwa fahari, kama wavuvi wanavyosimuliana samaki waliokata nyavu. Umeme ukarudi saa tatu. Mfumo ukadai nywila. Nywila ya kila kijana wa Musoma ni namba ya simu ya mama yake, isipokuwa usiku ule.

Kabla hujaomba, soma tangazo mpaka chini, ujue unaomba nini. Chukua Mtendaji wa Kijiji Daraja la III, nafasi ambayo halmashauri zetu huitangaza mara kwa mara. Wanataka kidato cha nne au cha sita na cheti cha utawala, sheria, maendeleo ya jamii au fani za jirani, kutoka Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo au kinachofanana nacho. Hadi hapo ni sawa. Kisha teremka kwenye majukumu. Utasikiliza malalamiko na kutatua migogoro. Utatafsiri sera na sheria. Halafu, katikati ya kuandaa taarifa, umewekewa kwa upole kuhamasisha wananchi waandae na kutekeleza mikakati ya kuondoa njaa na umaskini. Mshahara ni TGS B. Nimewahi kumsikia mwombaji mmoja akiuliza kama njaa ya mtendaji mwenyewe inahesabiwa humo.

Mwandishi Mwendesha Ofisi anatakiwa awe amefaulu hatimkato, maneno 80 kwa dakika. Dereva awe ameendesha mwaka mzima bila kusababisha ajali, sifa ambayo ukiisimamia barabara ya Sirari kwa kalamu na daftari utaona imewapunguza wengi. Umri usizidi miaka 45. Hilo lisikutishe, likufariji: serikali imekadiria kwamba unaweza kuwa unaomba mpaka wakati huo. Wadhamini wawe watatu na namba zao za simu. Wapigie kwanza. Mdhamini wangu wa kwanza alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu mwema sana, ambaye alipopigiwa na mwajiri alisema ananikumbuka vizuri, nilikuwa mrefu, mweusi, mzuri wa mpira. Mimi ni mfupi, na mpira nilikuwa nauokota tu ukitoka nje.

Tukija kwa mjomba, tega sikio. Kila ukoo wa Mara una mjomba anayemjua mtu. Jina la huyo mtu halitajwi, ni “yule bwana wa Dodoma.” Mjomba atapiga simu usiku, kwa sauti ya chini, na ukiwa mwanamume atakuita mura ujue jambo ni zito. “Mura, nafasi hiyo ni yako. Andaa ya soda.” Soda hiyo ukiihesabu ni kreti arobaini. Sekretarieti imetangaza mara nyingi kwamba maombi hayalipiwi, na mjomba hulisikia tangazo hilo redioni akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu mzima anayesikia watoto wakitegeana vitendawili. Usimkatalie mjomba, ni mjomba. Mwamkie, mshukuru, mwambie fedha hazijashuka.

Yule wa kukuuzia cheti, huyo mkimbie bila hata kuaga. Aprili 2017, Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa taarifa yenye watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Wale walikuwa wamekwisha kupata kazi, wana meza na kikombe chao cha chai. Wewe hata kikombe huna.

Musoma ikikushinda, panda gari nenda Bunda. Huko kiangazi kuna kazi, na nalisema hilo kwa sauti ndogo kwa sababu ukilisema kwa nguvu wanaongezeka getini. Msimu wa kununua pamba hufunguliwa kwa kawaida mwezi Mei, na kiangazi ndipo magari yanapopishana kupeleka pamba kwenye jineri. Vyama vya msingi vinataka makarani wa kupima na kuandika. Jineri zinataka watu wa kupakua, kusukuma na kupakia marobota. Hapo hakuna mfumo, hakuna nywila. Unafika getini kabla jua halijachomoza nyuma ya Mlima Balili, msimamizi anakutazama mabega. Wasifu wako ni mabega. Kosa ambalo wasomi hulifanya ni kutaja shahada. Mara tu ukiitaja, watu wanaacha kuongea, mtu wa mizani anafunika daftari lake kwa kofia, na unaulizwa kwa heshima kubwa nani amekutuma.

Upande wa pili wa Bunda kuna Serengeti. Lango la Ndabaka liko palepale barabara ya Mwanza, na Juni nyumbu wanakuwa ukanda wa magharibi wakielekea kaskazini. Huko Ulaya nako ni kiangazi, chao cha joto, na waombaji kazi wa kwao wanalia kilio kama chako: Agosti, Paris, maduka mengi yamefungwa, mabosi wako likizo, barua hazijibiwi. Ukitaka kujua bosi huyo yuko wapi, ulizia Bunda. Yuko ukingoni mwa Mto Mara anasubiri nyumbu wavuke, na anayemmiminia chai ni kijana wa Kunzugu. Likizo ya yule ndiyo ajira ya huyu. Sasa, usikurupuke. Kambi nyingi za watalii hupunguza watu masika na kuwarudisha kabla msimu haujachanganya. Ukiona tangazo Julai, mwenye nafasi hiyo ameshajua kila mgeni anapenda yai lake liive kiasi gani. Kazi ya Julai inaombwa Machi, kwenye tope, ambapo hakuna anayeweza kuona viatu vyako.

Butiama ni habari nyingine. Ukiacha barabara kuu pale Makutano ukaingia, ujue unakwenda kuomba kazi kwenye kijiji ambacho mwanawe mkubwa kuliko wote anakumbukwa kwa kuacha kazi. Mwaka 1955 Mwalimu Nyerere aliacha kufundisha Pugu alipotakiwa kuchagua kati ya chaki na siasa. Januari 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru, akaacha uwaziri mkuu. Novemba 1985 akaacha urais, akarudi nyumbani kulima. Hata neno kung'atuka, ambalo taifa zima lilijifunza wakati ule, ni la Kizanaki. Wazanaki wamekipa Kiswahili neno la kutoka kazini. La kuingia bado tunalingoja. Kwa hiyo ukiwaeleza wazee wa Butiama kwamba unatafuta kazi, wanakusikiliza kwa upole wa watu waliowahi kuona kazi kubwa zaidi ikirudishwa kwa hiari.

Mmoja alinikuta nimekaa kwenye jiwe nasubiri gari, karibu na njia ya Mwitongo. Nikamwamkia.

“Marahaba. Umesomea nini, baba?”

“Utawala wa umma, mzee.”

“Umma upi?”

Nikasema, umma wote, wa nchi. Akafikiri kidogo, akachomeka fimbo mchangani.

“Na wenyewe wana habari?”

Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Lakini Butiama isidharauliwe. Imekuwa wilaya tangu 2012, ina ofisi zake, ina chuo kikuu cha kilimo na teknolojia chenye jina la Mwalimu, na upande wa Buhemba kuna dhahabu, ambako unaajiriwa na shimo moja kwa moja. Shimo halitaki wadhamini watatu.

Mtego mtamu kuliko yote unaitwa kujitolea. Mtego huu huwanasa zaidi walimu, na Mara hatujapungukiwa na walimu wanaongoja. Bunda peke yake ina chuo chake cha ualimu. Zamani mhitimu alipangiwa kituo, akapewa barua, akaenda. Sasa naye anaomba kwenye mfumo na kufanyiwa usaili kama karani. Wakati anangoja, shule ya jirani haina mtu wa hesabu. Anaombwa ashike vipindi kidogo tu, mpaka likizo ya Juni. Wazazi watachanga. Wanachanga kweli, debe la mahindi hapa, kuku pale, na kwa adabu ya kijiji anaitwa “Mwalimu” na kila mtu, jina ambalo likishakukaa huwezi tena kubeba robota mbele ya wanafunzi wako. Mwaka unakatika, wa pili, wa tatu. Mkuu wa shule anamhakikishia kwamba ajira zikitoka jina lake litakuwa la kwanza. Ajira zinatoka. Jina la kwanza linaanza na A.

Ukiitwa kwenye usaili, furahi siku moja, kisha anza kukopa. Tangazo linasema msailiwa atajigharamia nauli, chakula na malazi, na usaili wa kada nyingi umekuwa ukifanyikia Dodoma. Utatoka Bweri alfajiri, Bunda, Lamadi, Shinyanga, Nzega, Singida, ukiwa umevaa shati la Musoma. Hakuna aliyekwambia kwamba Dodoma ya Julai ina baridi ya kumfanya mtu asahau jina lake, na lako, kama tulivyokwisha kuona, lilikuwa halijakaa vizuri tangu mwanzo. Beba sweta. Beba vyeti halisi, si nakala. Kaa na mtu wa kwenu, hata kama ni shemeji wa shemeji, na uwahi, kwa sababu hutakuwa peke yako. Juni 2014, kiangazi kama hiki, watu zaidi ya 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa Dar es Salaam kufanya usaili wa Idara ya Uhamiaji. Nafasi zilikuwa 70. Kuna mechi za ligi ambazo zingefurahia mahudhurio hayo. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, wakaomba watu 135,027, yaani zaidi ya 84 kwa kiti kimoja. Hesabu hiyo ifanye kimoyomoyo, mama asikuone vidole vikitembea.

Majibu hutoka kwa PDF ndefu, na hutoka usiku. Utatafuta jina lako. Kama unaitwa Marwa Chacha Mwita, utampata Chacha Mwita Marwa, utampata Mwita Marwa Chacha, utampata na Marwa Mwita Chacha, wote wamepata, wote pengine ni ndugu zako kwa mbali. Wewe hutajiona. Chini kabisa utakuta maneno ya upole yanayokutaka usisite kuomba tena. Wengine wataambiwa wako kwenye kanzidata, kwamba walifaulu ila nafasi hazikutosha. Kanzidata ni benchi kama lile la Nyasho, tofauti ni kwamba halikaliki. Usiidharau hata hivyo. Wapo waliotolewa humo na kupangiwa vituo, na siku simu ilipolia walidhani ni mjomba.

Nilisema nitaeleza riziki iliponikuta. Ilinikuta kwenye benchi hilohilo la Nyasho. Usiku ule umeme uliporudi, dada alikuwa amechoka na watu bado saba, akageuka akaniuliza kama naweza kuandika haraka. Nikamwambia maneno 80 kwa dakika hapana, ila najitahidi. Nikaketi. Hiki ni kiangazi changu cha nne nimeketi. Nalipwa kwa kila ombi linalokwenda, lijibiwe lisijibiwe, kwa hiyo mimi ni miongoni mwa wachache mkoani ambao kazi zikitangazwa wanapata kweli. Wengine ni wakili, mpiga picha za paspoti, bodaboda, wakala wa tiketi pale Bweri, mng'arisha viatu, na mama wa vitumbua, ambaye vitumbua vyake siku hizi vinaliwa nje ya mlango kwa amri yangu. Kioo cha skana nakifuta mwenyewe kila asubuhi. Yangu mwenyewe naomba usiku, wateja wakiisha. Nina miaka 31, bado nimeruhusiwa kumi na nne.

Leo ni siku ya mwisho ya tangazo moja, na saa ni kumi na nusu. Ameingia binti, ndala mguuni zimejaa vumbi, viatu vyeusi kwenye mfuko mbadala. Huyu ameelekezwa vizuri.

“Karibu, mdogo wangu, keti. Jina lako linaandikwaje?”

“Kwenye cheti kipi, kaka?”